Kasiva Mbuvi Kitheka, Fundi wa Mitandao wa Hospitali ya Ilumani (1981–2025)

Ndugu, majirani wa Malili, na nyinyi mliosafiri kutoka Nuu, Mwingi na Kambu: tunayemlaza leo, Alhamisi tarehe 18 Septemba 2025, ni Kasiva binti Mbuvi, mke wa Kitheka. Wasifu huu unasomwa na ndugu yake mdogo, Ben, kwa niaba ya familia zote mbili. Marehemu mwenyewe hakupenda maneno mengi, lakini kuna mambo ambayo si vizuri azikwe nayo.

Kasiva alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Nuu, Kaunti ya Kitui, mtoto wa pili wa marehemu mzee Mbuvi na mama Wayua, wakulima wa mtama na ndengu waliofuga pia mbuzi. Alikuwa mtoto mkimya, mwenye macho yanayokaa mahali pamoja kwa muda. Siku moja alitumwa mafuta ya taa dukani kwa mzee Salat, na mzee alipokuwa akimpimia, msichana akasema, "Baba, hicho kipimo kinavuja, lakini ni ukikiinamisha upande huu tu." Mzee Salat akakigeuzageuza asione kitu. Akakiinamisha upande aliouonyesha msichana, tone likaanguka. Kwa miaka mingi alikuwa akilaumu chupa za wateja. Mpaka Mungu alipomchukua, mzee huyo akikutana na Kasiva njiani alimwita "mkaguzi wangu," na watu wa Nuu wakalishika jina hilo.

Alisoma shule ya msingi hapo Nuu, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana Mwingi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1998. Mwaka uliofuata baba yake alifariki, na Kasiva akabaki nyumbani kumsaidia mama shambani. Ni mjomba wake, aliyekuwa na biashara hapa Malili, aliyemchukua na kumpeleka chuo Machakos, ambako alihitimu mwaka 2003 katika ufundi wa kompyuta na mitandao. Wenzake wa chuo walikimbilia Nairobi. Yeye alirudi Malili, akaajiriwa katika duka la kuchapisha na kutoa huduma za intaneti kando ya barabara kuu.

Hapo ndipo alipokutana na Kitheka Mwau, na kisa chake kinajulikana na wengi. Kompyuta za dukani zilikuwa nzee, na zilikuwa zikizimika mara kwa mara bila kufuata mpango wowote. Kasiva alifungua mashine, akabadilisha nyaya, akasafisha vumbi, wapi. Halafu siku moja akiwa mlangoni akaona mwanga wa buluu wa mashine ya kuchomelea kwenye karakana ya jirani, na nyuma yake akasikia kompyuta zikizima. Akavuka ua akamwambia kijana aliyekuwa pale, "Ndugu, ukichomelea, mimi nalala." Kitheka hakuelewa, ikabidi aelezwe kwamba umeme wao ulikuwa laini moja. Walipatana awe akimwarifu kabla ya kuanza. Kitheka amekiri mbele ya wazee kwamba baada ya hapo kuna mageti aliyoyachomelea mara ya pili bila sababu, ili tu apate neno la kwenda kumwambia. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Agosti 2007. Mungu akawajalia mtoto wa kiume, Mwau, mwaka 2008, na wa kike, Kanyiva, mwaka 2012.

Mwaka 2010 Kasiva aliajiriwa kuwa fundi wa mitandao katika Hospitali ya Misheni ya Ilumani, ndani kidogo kutoka Kambu. Kompyuta za hospitali zilikuwa za msaada, zimeshatumika kwingine kabla ya kufika kwetu, na programu yake ilikuwa ya zamani. Kasiva alizitunza kama mtu anavyotunza wazee: kwa kujua kila moja inaumwa wapi. Lakini kulikuwa na ugonjwa mmoja uliomshinda. Mtandao kati ya maabara na wadi ulikuwa ukikatika, ukakaa hivyo dakika chache, kisha ukarudi wenyewe. Akiitwa, alikuta kila kitu kinafanya kazi. Alibadilisha waya wote wa maabara. Akabadilisha kompyuta ya wadi. Wenzake wakamwambia, "Mama Mwau, hizi mashine ni nzee, zima uwashe, maisha yaendelee." Yeye alijibu kwamba uzee unajulikana, haupotei ukarudi.

Oktoba 2017 ililetwa Ilumani mtoto wa mama mmoja anayeitwa Kalunde, muuza machungwa pale Kambu. Mtoto alikuwa na malaria kali. Mtaalamu wa maabara alikuwa Leyla Kusow, binti wa wafanyabiashara wa mifugo wa Mwingi. Leyla alipima, akaona damu imepungua vibaya, akatuma majibu wadini kwamba mtoto aongezwe damu upesi. Wadini hayakuonekana. Walingoja. Muuguzi alipokata shauri kwenda maabara kwa miguu, wakati ulikuwa umepita, na mtoto akafariki mchana huo.

Msimamizi wa hospitali alimwita Leyla akamuuliza kwa nini hakutuma majibu. Leyla akasema alituma, na kompyuta yake ikamwandikia "imetumwa." Kompyuta ya wadi haikuwa na kitu. Kati ya neno la binti huyo na kompyuta tupu, waliamini kompyuta. Alisimamishwa kazi, akarudi kwao Mwingi, na habari ikaenea Kambu kwamba mtoto wa Kalunde alikufa kwa sababu msichana wa maabara alimsahau.

Kisha mvua za Novemba zikaja, na mtandao haukukatika hata kidogo. Msimamizi akamwambia Kasiva, "Unaona? Tangu aondoke, kila kitu kimetulia." Kitheka anasema mkewe alirudi nyumbani siku hiyo akakaa na sahani mbele yake bila kula. Alimuuliza, "Kwani wewe unaamini nini?" Akajibu, "Naamini Leyla. Lakini kuamini kwangu hakutamrudisha kazini. Lazima nijue."

Januari mawingu yaliondoka, jua la Ukambani likarudi na ukali wake, na mtandao ukaanza tena kukatika, Leyla akiwa mbali Mwingi. Kasiva alipoambiwa hakuenda kwenye kompyuta. Alitoka nje akasimama uani, akatazama paa. Mchana ule mabati yalikuwa yakilia kwa joto. Akaomba ngazi, akapanda, akasukuma ubao wa dari juu ya korido ya maabara, na huko akakuta kijisanduku cha kuunganisha nyaya, swichi ya zamani, ambacho waliofunga mtandao zamani walikiweka juu kabisa, chini ya bati, na hakuna aliyewahi kuambiwa kipo. Akakigusa, akarudisha mkono haraka. Kilikuwa cha moto kama sufuria. Kikipata joto kupita kiasi kilijizima, kikipoa kikawaka. Mvua ikinyesha au mawingu yakitanda, kilikuwa kizima kabisa.

Fundi mwingine angekiteremsha saa hiyo hiyo na kazi ikaisha. Kasiva alijua akikiondoa, ushahidi wa Leyla umeondoka nacho. Kwa hivyo akatuma watu wawe wakibeba majibu kwa miguu, kisanduku akakiacha mahali pake mpaka kesho yake, jua lilipokuwa la utosi. Akawaweka msimamizi na daktari mkuu mbele ya kompyuta ya wadi. Yeye akaingia maabara na muuguzi mkuu, akatuma majibu ya mfano. Kompyuta ya maabara ikaandika "imetumwa." Wadini hakikufika kitu. Akawaeleza kwamba programu ile ya zamani huandika neno hilo mara tu ukibonyeza, haingoji kuitikiwa na upande wa pili. Msimamizi akasema, "Kwa hivyo binti wa watu alikuwa akituambia ukweli." Kasiva akasema, "Tangu siku ya kwanza, mzee."

Leyla alirudishwa kazini mwezi Februari, na msimamizi alimwomba msamaha mbele ya wafanyakazi wote. Kisanduku kikahamishiwa ukutani penye kivuli. Na tangu hapo ikawa sheria Ilumani kwamba jibu la dharura halitumwi tu, linapigiwa simu mpaka mtu aitikie kwa jina lake.

Lakini kwa Kasiva jambo halikuwa limekwisha. Alimwambia msimamizi anataka kwenda kwa Kalunde. Msimamizi alimsihi asiende. "Yule mama ameshazika," alisema. "Utamfungulia kidonda."

"Hakijafunga, mzee," Kasiva akamjibu. "Kimefunikwa tu."

Walikwenda wawili, yeye na Leyla, Jumapili baada ya ibada. Leyla mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Walimkuta Kalunde kwenye meza yake ya machungwa, na alipomtambua Leyla aligeuza uso. Kasiva akaketi kwenye kreti, akamweleza yote, polepole, kwa Kikamba: kisanduku, joto, neno lile "imetumwa." Hakuficha kwamba kazi ya kutunza mtandao ule ilikuwa yake, na kwamba aliutafuta ugonjwa huo kwa miaka asiuone. Kalunde alisikiliza akipanga machungwa ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Mwishowe akauliza, "Kwa hivyo hakuna aliyemsahau mtoto wangu?"

Leyla akasema, "Hapana, mama. Nilimpima mara mbili ili niwe na uhakika. Nilikuwa nawaza kuhusu yeye mpaka niliposikia kilio."

Kalunde akasema, "Mimi nililala na neno hilo moyoni. Kwamba alikuwa amelala pale na watu wamemsahau." Akalia, na wale wawili wakalia naye, na wateja wakapita. Hakusema amesamehe, wala hawakumuuliza. Ila walipoinuka kuondoka aliwajazia machungwa kwenye mfuko, akawaambia njia ni ndefu.

Kasiva aliendelea na kazi Ilumani. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, mama mkali kuhusu masomo na mpole kuhusu mengine yote. Mapema mwaka 2024 alianza kusumbuka kumeza chakula. Alidhani ni vidonda vya tumbo. Leyla ndiye aliyemshika mkono akampeleka kupimwa, akayasoma majibu mwenyewe, na mwezi Machi ikajulikana kuwa ni kansa ya koo. Alitibiwa Nairobi kwa mionzi na dawa, akapata nafuu, akarudi kazini kwa muda, kisha ugonjwa ukarudi na nguvu zaidi. Jamaa alipojaribu kumfariji kwamba huenda vipimo vilikosea, alimjibu kwa upole, "Vipimo vilikuwa sawa. Aliyevisoma namjua."

Miezi ya mwisho aliuguzwa hapa nyumbani. Mama Wayua alitoka Nuu akaja kukaa naye. Kila asubuhi mama alimpikia uji wa mtama, akijua haupiti tena. Kasiva aliupokea, akakishika kikombe kwa mikono miwili mpaka kikapoa, kisha akamrudishia mama na kumwambia, "Asante, mwaitu, nimeshiba joto." Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana. Kanyiva alijifunza kusogeza sikio karibu na mdomo wa mamake, na akawa ndiye anayetuambia amesema nini. Leyla alikuwa akija kila alipopata nafasi, akaketi upande wa miguu na kumkanda nyayo, kila mmoja akimwomba Mungu kwa namna ya dini yake.

Jumatatu tarehe 8 Septemba alimwita Mwau akamwambia asiache chuo kwa ajili ya msiba. Alimwambia Kitheka, "Umenitunza vizuri." Kitheka akamwomba asiseme kama mtu anayeaga. Akatabasamu tu. Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, mama akiwa jikoni anawasha moto, Kanyiva aliinama asikie, akangoja, kisha akamwita babake. Kasiva alikuwa ameondoka. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Mama alipoambiwa hakupiga kelele. Alirudi jikoni, akamaliza kupika uji, akauleta, akaketi kando ya kitanda akiwa amekishika kikombe mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumwambia akiweke chini.

Kasiva amemwacha mama yake, Wayua, aliyemzaa na leo ndiye anayemzika. Mumewe, Kitheka Mwau. Watoto wake, Mwau na Kanyiva. Dada yake mkubwa, Mutindi, na ndugu yake, Ben. Wakwe zake wa hapa Malili. Leyla Kusow, ambaye familia imeomba asimame leo na ndugu wa marehemu. Na wafanyakazi wa Ilumani, aliowafundisha kutoamini neno "imetumwa" mpaka mtu aitikie.

Mama ameomba sala ya mwisho isisemwe na sisi. Ameomba aiseme yeye, kwa lugha aliyomlelea mtoto wake, na yeyote asiyeijua ataielewa. Thi na muuo, mwana wakwa. Nenda kwa amani, mwanangu.