Mwenye Kibati Namba 214: Maisha ya Hobert Vance Stidham

Sikuomba kuandika haya. Nilimwambia binti yetu Twyla ampe mchungaji kazi hii, maana mchungaji ana sauti na ana shule, mimi niliishia darasa la tatu na hilo lenyewe nililikatisha. Twyla akanijibu, "Mama, mchungaji hakuishi naye miaka hamsini na mitatu." Basi nimekaa siku mbili kwenye meza ya jikoni na penseli, watu wakiingia na mabakuli ya chakula na kunikatiza. Twyla ameyanakili na ndiye anayewasomea. Nimemkataza kuyapamba.

Marehemu Hobert Vance Stidham alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 huko Lick Branch, mashariki mwa Kentucky, mtoto wa pili na wa mwisho wa Cledith na Malvery Stidham. Wa kwanza alikuwa kaka yake Arvil, aliyemtangulia kwa miaka miwili. Theluji ilikuwa imefunga njia, kwa hiyo mkunga alikuwa bibi yake mzaa baba. Daktari alifika siku ya nne, akakuta mtoto ananyonya na mkunga anapukuchua mahindi.

Alianza shule mwaka 1954, shule ya Lick Branch, chumba kimoja, mwalimu mmoja, madarasa manane. Alipenda hesabu. Alimaliza darasa la nane mwaka 1962 na hakuendelea. Sekondari ilikuwa mjini, basi la shule halikupanda bondeni kwetu, na mwaka huo gogo lilikuwa limemvunja baba yake mgongo. Mwalimu alikuja hadi kibarazani kumwombea mtoto aendelee na shule. Mzee Cledith akamjibu, "Mwalimu, nipe mgongo wako, mimi nitakupa mtoto." Mwalimu akanywa kahawa yake akaenda zake.

Mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na minane, marehemu aliingia mgodi wa makaa wa Bent Creek, genge moja na Arvil. Wengi mlioketi hapa mnajua, lakini kuna wajukuu ambao hawajawahi kuuona mlango wa mgodi. Kila mchimbaji alikuwa na kibati cha shaba chenye namba yake. Akiingia anakitundika ubaoni, akitoka anakitoa. Kibati kikiwa ubaoni, mtu yumo ndani, na hakuna mjadala. Cha Arvil kilikuwa 213. Cha Hobert, 214.

Kabla sijafika mbali niseme ndoa. Tulionana tarehe 26 Mei 1968, Jumapili ya kusafisha makaburi, watu walipokuwa wakila chakula kilimani baada ya kupanga maua. Alichukua pai yangu akaniambia ukoko wake ni mgumu. Nikamwambia aiache. Akala kipande cha pili, akaniambia bado ni mgumu. Alipofika cha tatu nikajua huyu haondoki. Tulifunga ndoa tarehe 14 Juni 1969 katika kanisa hili hili. Mungu alitupa Twyla mwaka 1971 na Dwain mwaka 1974. Marehemu alikuwa mume mwema, ila alikuwa akinywa kahawa kwa kelele.

Mwaka 1977, majira ya kupukutika majani, Arvil alirudi kutoka mjini na fomu mbili za darasa la jioni. Lilikuwa la watu wazima waliokatisha shule, wanasoma kisha wanafanya mtihani, na wakifaulu wanapata cheti kinachohesabika sawa na cha sekondari. Nilikuwa jikoni, nilisikia kila neno.

"Tunaingia wote," Arvil akasema, "tunatoka wote."

"Wewe kugawanya hujui," Hobert akamwambia. "Utanichelewesha."

"Basi utanisubiri mlangoni. Una haraka ya kwenda wapi?"

Tarehe 9 Novemba mwaka huo zamu iliisha, na Hobert akatoka wa kwanza kwa sababu alikuwa na njaa. Alipouliza kaka yake yuko wapi, msimamizi wa zamu alimwambia asijali, mengine hayamhusu. Paa la mgodi lilishuka dakika kumi baadaye. Marehemu alikaa chini ya ubao siku mbili, akikitazama kibati namba 213, mpaka walipomtoa Arvil akiwa amekufa.

Tangu siku ile hakutoka tena wa kwanza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa wa mwisho kutoka katika genge lake, mpaka mapafu yalipomstaafisha mwaka 2003. Chakula cha jioni nilikipasha moto mara mbili kila siku na sikulalamika. Nililalamika kidogo. Zile fomu mbili alizitia kwenye Biblia ya mama yake na hakuzitaja.

Januari 2011 akazitoa. Zilikuwa zimegeuka rangi ya chai.

Nikamwambia, "Mzee wa miaka sitini na miwili, cheti cha kazi gani? Nani atakuajiri, Mungu?"

"Akitaka aniajiri," akasema. "Nitakuwa na karatasi."

Basi kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, alikwenda chuo cha jamii mjini, akanichukua nami kwenye pikapu. Kila mara aliniambia niingie, darasa ni bure na kuna joto. Nilimjibu kwamba sina nilichosahau humo. Nilikaa garini na beseni langu la maharage mabichi, nikitoa nyuzi za maganda, naye alikaa ndani akigombana na herufi. Hesabu za namba aliziweza, ila hizi zenye herufi katikati alizichukia. Mwalimu wake, Denise Pratt, ambaye yuko hapa leo, alimwambia herufi ni kibati tu, kuna mtu nyuma yake ambaye hujamwona. Jioni hiyo alirudi garini akicheka peke yake. Hakupata shida nazo tena.

Mtihani ulikuwa Jumamosi, tarehe 14 Mei 2011, na karatasi ya mwisho ilikuwa hesabu. Sheria yao ilisema anayemaliza akabidhi karatasi atoke nje, asikae. Marehemu alimaliza mapema. Ndani alikuwa amebaki mtu mmoja, binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Kelsie Noble, analia bila sauti juu ya karatasi yake. Hobert akakabidhi karatasi, akarudi, akakaa.

"Bwana Stidham, umemaliza," msimamizi wa mtihani akamwambia. "Toka nje tafadhali."

"Siwezi, mama. Kuna mtu bado yumo."

"Huyo hakuhusu."

"Niliambiwa hivyo mara moja huko nyuma."

Alionywa mara tatu. Msimamizi aliona mzee anamtazama binti na binti anamtazama mzee, akadhani wanapeana majibu. Akaandika ripoti. Mtihani wa marehemu ukafutwa wote, hata karatasi zile nyingine, akaambiwa arudie baada ya miezi mitatu.

Alikuja garini polepole.

"Umefeli?" nikamuuliza.

"Nimefutwa."

"Kwa wizi?"

"Kwa kukaa."

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Kisha nikamtazama usoni nikaacha. Alikuwa na uso ule wa chini ya ubao, niliokuwa sijauona tangu sabini na saba. Akasema, "Ocie, fomu ya Arvil tuichome tu. Mimi na milango hatupatani."

Nikashuka. Ndiyo mara ya kwanza kuingia katika jengo lile, na sikuingia kusoma. Maandishi ya milangoni yalikuwa marefu, sikuyaweza, kwa hiyo nilifungua kila mlango. Niliwakuta watu wanajifunza kuchomelea vyuma, nikakuta chumba cha mafagio, na mwisho nikamkuta msimamizi na Mwalimu Denise wakifunga bahasha. Nikawaeleza habari za 213 nikiwa nimesimama. Msimamizi alinisikiliza mpaka mwisho, sitamnyima haki yake. Akasema pole, mama, lakini kilichofutwa kimefutwa, na sheria ya kutoka ni ya wote.

"Sijaja kuomba kirudishwe," nikasema. "Nataka kujua mara ya pili atafanyaje. Kutoka hatatoka. Mtamfuta mpaka afe."

Msimamizi akasema sheria inahusu ndani ya chumba, nje haina neno. Mwalimu Denise akachukua kiti kimoja cha plastiki, cha rangi ya kijani, akakiburuta mpaka ujiani, akakiweka kuelekea kidirisha cha kioo cha mlango wa chumba cha mtihani. Akaniambia, "Hapa anaona ndani, na hayumo ndani."

Tarehe 20 Agosti 2011 marehemu alirudia. Alikitundika kibati chake, alichobaki nacho tangu mgodini, kwenye kitasa cha mlango, akaingia. Alipomaliza akakabidhi karatasi, akatoka, akakichukua kibati, akakaa kwenye kiti kile. Alikaa saa moja na nusu, na mapafu yale, mpaka wa mwisho alipotoka. Wa mwisho alikuwa Kelsie, aliyefeli hesabu mwezi Mei akarudi.

"Babu, bado upo?"

"Napumzisha miguu."

"Umeona nilivyokuwa nafuta-futa?"

"Nimeona. Ungetoboa meza."

Wote wawili walifaulu. Cheti kilikuja mwezi Oktoba. Alama zake za hesabu zilizidi zile alizopata Dwain alipomaliza sekondari, na Dwain anajua, amekumbushwa kila Krismasi. Marehemu alikitia cheti kwenye fremu, na nyuma yake, ndani ya fremu hiyo hiyo, akaweka fomu ya Arvil. Mkifika nyumbani mtaiona juu ya friji.

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Mwezi uliofuata kulikuwa na mtihani, Hobert akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi? Cheti unacho."

"Kuna watu wanaingia leo."

Alikwenda hivyo miaka kumi na zaidi. Mtihani ulipohamia kwenye kompyuta aliendelea kwenda, akakaa ujiani na kahawa yake ya kelele mpaka wa mwisho atoke. Wengi hakuwajua hata majina. Wapo walioniambia jana kwamba walitaka kuinuka waache, wakamwona babu mwenye kofia kwenye kidirisha, wakaona aibu kumpita wakiwa hawajamaliza. Ile ilikuwa miaka yake ya furaha, na kwa kuwa ilikuwa yake, ikawa yangu pia. Alirudi nyumbani amechoka vizuri, akala maharage na mkate wa mahindi, akaniambia leo wameingia tisa na wametoka tisa.

Ugonjwa wake mnaujua, nusu ya wanaume wa bonde hili wanao. Kuanzia mwaka 2018 alipumua kwa mashine. Mara ya mwisho kukaa kwenye kiti kile ilikuwa Aprili mwaka huu, na mtungi wa oksijeni ulikuwa miguuni pake kama mbwa. Kiangazi hakuweza tena kushuka kibarazani. Jioni moja mwezi Agosti aliniambia, "Ocie, wewe bado umo ndani."

"Ndani ya wapi?"

"Unajua wapi. Maisha yangu yote natoka, nageuka, nakuona bado umo."

Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikampigia simu Mwalimu Denise, akaja na fomu. Jina langu nililiandika mwenyewe, Ocie Fugate Stidham, na Hobert akalitazama muda mrefu kama mtu anayekagua nguzo ya paa. Akasema, "Siku yako ya mtihani nitakaa kwenye kiti." Nikamwambia asipokaa nitamfuata alipo. Akasema anajua.

Marehemu aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Lick Branch, dirisha likiwa wazi kama alivyotaka. Ametoka kabla yangu. Nimemsamehe nusu, nusu nyingine tutaimaliza tukionana.

Wamemtangulia wazazi wake na kaka yake Arvil. Ameacha mke, ambaye ni mimi, binti yake Twyla na mumewe Roscoe, mwanawe Dwain, wajukuu wanne na kitukuu mmoja. Ameacha pia Kelsie Noble, ambaye si wa damu, lakini Jumanne alifika kabla ya jamaa wengi wenye damu akaosha vyombo vyote. Mungu ampumzishe Hobert mahali penye hewa safi, avute pumzi mpaka mwisho wa kifua, na amkute Arvil mlangoni.

Sasa ninyi. Friji yangu imejaa. Nina mabakuli sita ya saladi ya viazi na mimi ni mtu mmoja, kwa hiyo chakula acheni kuleta. Darasa langu linaanza Jumanne, tarehe 10 Januari, saa kumi na mbili jioni. Sijui kuendesha gari na sina nia ya kujifunza vitu viwili kwa mpigo. Nataka mtu wa kunipeleka Jumanne na mwingine Alhamisi, na siku ya mtihani nataka mtu kwenye kiti cha kijani. Nitachelewa, nawaambia mapema, mimi kugawanya sijui. Kwa wajukuu wa Hobert udhuru sipokei. Andikeni majina yenu nyuma ya karatasi hii ya ibada mliyoishika, mmkabidhi Twyla kabla hamjagusa kuku. Kibati namba 214 nitakitundika kwenye kitasa cha mlango. Mkikiona bado kinaning'inia, msiondoke.