Bi Awino na Mpishi wa Mpakani

Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, Bi Beryl Awino atafunga dirisha la Chumba cha Nasaba katika Maktaba ya Barazani, hapa Ndia Kuu, Mombasa, kwa mara ya mwisho akiwa mfanyakazi wetu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wasimamizi wameniomba mimi, Zakiya wa idara ya kujalidi vitabu, niandike wasifu wake, wakanionya niandike kwa adabu. Nitajaribu.

Bi Awino ni binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Nyakach, akalelewa katika nyumba za reli papa hapa kisiwani. Alikuja kwetu mwaka 1994 kupiga chapa kadi za vitabu, kazi ya miezi mitatu tu. Kufika mwezi wa pili alikuwa keshahamisha makabati, keshagombana na bawabu juu ya paka, na keshajua bibi gani wa Kibokoni hasalimiani na bibi gani, na kisa chenyewe ni nini. Wasimamizi wakaona mtu kama huyu kumwacha nje ni hatari, bora awe ndani. Wakamwajiri.

Wakati huo Chumba cha Nasaba hakikuwapo. Watu walikuwa wakija kuulizia babu zao waliotoka Mombasa zamani za ukoloni, wakaenda mipakani na misafara ya wapima ardhi, au wakafuata maboma mapya na kufungua viduka huko, wengine wasirudi tena. Vitabu vinene havikuwataja. Bi Awino akagundua kwamba hutajwa kwenye makala: katika magazeti ya kale, katika majarida ya misheni, na katika hadithi ambazo maafisa wastaafu waliandika uzeeni ili kujisifu. Basi akaanza kuzikusanya. Alizitoa kwa wauza vinyago wa mtaa huu, waliofungia bidhaa zao, akazibandua kwenye vifuniko vya masanduku ya maharusi waliokwisha kuwa mabibi, akaagiza fotokopi kutoka Nairobi hadi wenyewe wakachoka naye. Leo tuna makala za mpaka wote, toka Vanga na Taveta hadi Moyale na Mandera. Nyingi nimezishona na kuzibandika mimi, na mavumbi yake nimeyavuta mimi, kwa hivyo nina haki ya kusema.

Masharti yake yalikuwa makali. Hupewi karatasi hata moja mpaka uketi, unywe chai, usimulie kwanza unayoyajua ya nyumbani. Ukishindwa kumtaja bibi mzaa babako, unarudishwa ukaulize. Bwana mmoja mwenye cheo chake alitoka hapa amefura, akaapa kwamba hatarudi. Kesho yake alirudi na mamake. Na kitu kilichomkera Bi Awino kuliko vyote ni kwamba kila aliyeingia, babu yake alikuwa liwali. Kama si liwali ni kadhi, na akishuka sana ni kiongozi wa msafara. Bi Awino alikuwa akisema, kwa sauti ya kufika hadi barabarani, kwamba wapishi na wapagazi nao walizaa, na kama nyinyi wenyewe hamwataki basi yeye atawachukua.

Aliyekuja kumtafuta mpishi alikuwa mmoja tu, Bi Mwanaesha wa Kibokoni, ambaye sasa ana miaka themanini na minane. Babu yake, Chonga, aliondoka Mombasa akiwa mpishi wa msafara uliokwenda kukata mstari wa mpaka kule kaskazini, akamwacha mkewe na mtoto mchanga. Msafara uliporudi, habari iliyofika mjini ilikuwa kwamba mpishi ametoroka. Mkewe hakukaa eda, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa amefiwa, wala hakuolewa tena, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kuwa ameachwa. Hitma nayo haikusomwa, maana mtu aliyetoroka huenda yuko hai mahali anakula zake wali. Mtaani wakaitwa watoto wa mtoro, hadi kizazi cha Bi Mwanaesha mwenyewe. Hakutaka mengi. Alitaka kujua kama babu yake alikufa au alikimbia, ili kama alikufa, asomewe kabla yeye mwenyewe hajasomewa. Kila mwaka, Shaaban ikiingia, alikuja kuuliza, akaambiwa bado, akamaliza chai yake, akaondoka.

Sasa tufike mwaka jana, na hapa ndipo nilipoonywa kuhusu adabu. Bi Awino alipata kwa muuza vinyago jarida lililokatika nusu. Ndani yake mpima ardhi mmoja wa msafara huo huo wa kaskazini alisimulia kwamba visima vilikauka wakiwa mpakani, ngamia wa maji akapotea, na watu wakaanza kuiaga dunia kwa macho tu. Mtu wao mmoja wa Mombasa akatoka peke yake kwa miguu kutafuta maji, akarudi nayo siku ya tatu, akawaokoa wote. Kisha homa ikamshika, akafa, wakamzika kando ya mstari chini ya rundo la mawe. Hapo ukurasa ukaisha, na jina halikutajwa.

Watu wa Mombasa katika msafara ule tuliwajua ni wawili: Chonga mpishi, na kiongozi wa njia, ambaye ni babu yake Mzee Jamaldin, fundi wa milango hapo jirani. Wote wawili hawakurudi. Basi nani angekwenda kutafuta maji nyikani isipokuwa kiongozi wa njia? Sisi sote tuliona hivyo. Na Bi Awino, aliyetupigia kelele miaka yote hiyo kwa sababu ya wapishi, naye akaona hivyo hivyo. Mpishi hakumpitia akilini.

Mzee Jamaldin alifurahi, mpaka akachonga fremu ya mvule, akautia ule ukurasa, akautundika mbele ya karakana yake. Mwezi wa Agosti ikasomwa hitma ya babu yake, pilau ikapikwa ya mtaa mzima, nasi maktaba tukafunga mapema tukaenda. Bi Mwanaesha, kwa ujirani mwema, alipeleka mkate wa sinia.

Novemba, Bi Awino alikuwa amekwenda upande wa Liwatoni kununua samaki, akajinunulia kachiri za mihogo. Alipofika katikati ya pakiti aliona, kwenye karatasi iliyofungiwa, picha ya hema kama zile za jarida lake lililokatika. Muuzaji alikuwa amebeba gunia la majarida kutoka nyumba iliyokuwa ikihamwa, na alikuwa akifungia biashara yake. Bi Awino akanunua kachiri zote zilizobaki, akaja nazo kwa tuktuk. Wiki nzima tulikula kachiri asubuhi na jioni. Nusu ya pili ya makala ilipatikana, imelowa ndimu na pilipili. Kuondoa mafuta kwenye karatasi ya kale ni ufundi nilioufundishwa. Ya pilipili nilijifunza siku hiyo, kwa machozi.

Mpima ardhi alikuwa amesema wazi, na mara hii kwa jina. Kiongozi wa njia ndiye aliyetoroka, akaondoka na ngamia wa maji. Aliyekwenda kutafuta maji alikuwa Chonga, mpishi. Aliporudi hakulala. Aliinjika chungu kwanza, akawapikia wenzake wali, akawapakulia, ndipo akaenda kujinyoosha na homa yake, na hakuamka. Miaka kadhaa baadaye mpima ardhi alimkuta yule kiongozi Moyale, ana duka na mke, naye akamuuzia sukari bila haya yoyote.

 Wapo waliomshauri Bi Awino aliache jambo lilale, kwani wafu hawadai, na Mzee Jamaldin ni mtu wa heshima zake. Bi Awino akawaangalia hivi, wakatafuta shughuli nyingine. Akavaa viatu, akaenda karakanani mwenyewe. Alimweleza Mzee Jamaldin kwamba amemkosea yeye, na amemkosea zaidi Bi Mwanaesha, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa mwisho aliyepaswa kumsahau mpishi.

Mzee Jamaldin aliiweka patasi chini. Akajipangusa vumbi la mbao polepole, mpaka Bi Awino akadhani anafukuzwa. Kisha akauliza kama lile duka la Moyale bado lipo.

Lipo, ndugu zangu! Wanawe walipiga simu hapa na pale, na haikuchukua muda wakapatikana jamaa tele, wote wana paji la uso la Mzee Jamaldin, na mpaka leo wanauza sukari. Shujaa aliondoka, wakaja binamu. Lakini kabla ya hayo, Ijumaa ile ile baada ya sala, Mzee Jamaldin alivaa kanzu yake safi, akaishusha fremu, akaibeba mwenyewe hadi Kibokoni mbele ya macho ya watu. Alimwambia Bi Mwanaesha kwamba hii ni yenu, na kwamba anaomba radhi kwa niaba ya babu yake, ambaye kosa lake limebebwa na nyumba isiyokuwa yake. Bi Mwanaesha alimkaribisha kahawa. Kisha akacheka hadi akashika mbavu, alipokumbuka kuwa ameshakula pilau ya hitma ya babu yake mwenyewe, na mkate wa sinia alipeleka.

Shaaban ya mwaka huu, hitma ya Chonga ilisomwa. Maalim alisema ile ya Agosti haikupotea, Mungu anamjua aliyeleta maji, na hii ni ya kumtaja kwa jina. Likatajwa: Chonga, mpishi, aliyefia mpakani. Upande wa wanawake tulimsikia Bi Mwanaesha akivuta pumzi, akasema Alhamdulillahi, babu yangu amekufa. Sijapata kuona mtu akifiwa kwa furaha kama ile.

Bi Awino alikuwa amejibanza mlangoni, karibu na viatu. Bi Mwanaesha akamwita. Akamketisha kwenye mkeka wa wafiwa, ubavuni mwake, akisema aliyemleta maiti nyumbani ndiye mwenye msiba. Basi tukapanga mstari, sisi wenziwe wa miaka yote hii, kumpa mkono wa tanzia Mjaluo wa Nyakach kwa mpishi wa Mombasa aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nilikuja nimebana kicheko. Nilipomshika mkono nikamwambia pole, akaniangalia, machozi yanamtoka waziwazi, akanijibu tushapoa.

Kicheko chenyewe sikujua kimekwenda wapi.

Bi Awino, ahsante. Kanze, anayeshika nafasi yako, amekwisha kujua kwamba chai hutangulia na makala hufuata, na paka tutamlisha. Mungu akupe umri, akupe afya, akupe usingizi wa mchana uliotunyima sisi. Na popote utakapokaa, ukae na watu wako. Ukitaka kujua ni akina nani, uliza mlango wowote wa Kibokoni.