Reli Aliyoibakisha Mwalimu Simeon Mwambire

Mwalimu Simeon Mwambire alizaliwa tarehe 9 Machi 1956 katika boma hili tulipokusanyika, jirani na kiwanda cha zamani cha mkonge, nje ya mji wa Kilifi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Mwambire na Mama Kadzo, wote marehemu. Mimi ninayesoma ni Hannah, mdogo wake. Mnanijua sina kifua, kwa hivyo nivumilieni.

Baba yetu alikuwa msukuma toroli kiwandani. Mwaka 1968 toroli lililojaa mkonge lilimwangukia kwenye reli ya pembeni nyuma ya kiwanda, pale matoroli yalipoegeshwa kusubiri kupakuliwa. Alifia papo hapo. Wakamwondoa, na kazi ikaendelea jioni ileile. Jina lake halikuandikwa popote. Simeon alipelekwa kwa mjomba wetu kule Jilore, akasoma huko, akahitimu ualimu mwaka 1979 na kufundisha jiografia Malindi hadi alipostaafu mwaka 2016.

Mwaka 1984 alimuoa Ndinda, muuguzi kutoka Kitui. Siku aliyotaka kumtamkia neno alimleta huku, naye kavaa viatu vyake vya sherehe, akamzungusha vichakani kutazama reli zenye kutu. Ndinda alimwambia kama hiyo ndiyo posa yenyewe, basi amrudishe stendi. Wifi yangu, asante kwa kutorudi.

Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani. Mwaka 2023 mwenye ardhi mpya alisema anasafisha eneo ajenge nyumba, na reli akawauzia vijana wa vyuma chakavu. Kaka alichanganyikiwa. Kila Jumamosi alitoka kwake Barani, kule Malindi, na mita, kamera na karatasi kubwa za kuchorea. Alifyeka, akapima kila reli ya pembeni, akaichora, na kando ya mchoro akaandika majina ya waliofanya kazi pale, maana aliwasaka wazee waliobaki hadi Muyeye. Alisema reli zikishang'olewa hakuna kitu kingine kitakachoonyesha kuwa watu wale waliishi. Lakini alikosea jambo moja, na linaniuma: reli ya baba aliibakisha. Kila nilipomkumbusha alinijibu, "Hannah, hiyo nitaichora mwisho. Bado siwezi kusimama pale."

Novemba iliyopita figo zilianza kumsumbua. Hospitalini hakuuliza habari za dawa, aliuliza vijana wamekata mpaka wapi. Tulimficha kwamba wamefika nyuma ya kiwanda. Alifariki mchana wa Alhamisi, tarehe 5 Februari 2026, akiwa ameshikwa mkono na mkewe.

Hapa kwetu, maiti ikiwa haijazikwa, hakuna anayeshika jembe wala nyundo. Vijana wa vyuma ni watoto wa hapahapa. Waliposikia msiba waliweka chini mitungi yao ya gesi ya kukatia reli wakaja kukaa nasi matangani. Nawashukuru, wanangu. Ndiyo sababu tumeahirisha mazishi haya mara mbili, na ninyi mlionung'unika kwa ajili ya nauli sasa mmejua. Hatukuwa na ujanja mwingine. Askari wa mwenye ardhi walitufungia geti la kiwanda, tukawalilia, na ruhusa ya kuingia imetoka jana tu. Kaka akishazikwa, gesi itawashwa, na mimi sina uwezo wa kuwazuia watu wasitafute riziki yao.

Mwalimu Simeon ameacha mjane, Ndinda, binti yake Vivian, mwanawe Tevin, wajukuu, na mimi dada yake. Tevin hamumwoni hapa kaburini. Yuko kule nyuma ya kiwanda, pale babu yake alipoangukiwa, na mita ya babake mkononi, anapima.

Mungu ampe kaka yetu pumziko. Ila udongo, jamani, nawaomba msiushike mpaka Tevin afike.