Mukonyo wa Gatuanyaga na Mala ya Mourine

Wasikilizaji wapendwa, leo tuketi pamoja na familia ya Ndambuki. Tunamkumbuka Mukonyo, mama wa Gatuanyaga, kule Thika, aliyezikwa Ijumaa iliyopita. Mukonyo alikuwa mfugaji, na mala yake, yale maziwa ya kuchacha, ilijulikana.

Mwaka juzi mwanawe, Muoki, alipata binti. Muoki na mkewe, Mourine, wanaishi Mugutha, upande wa Ruiru. Nyumba ilitakiwa iwe na shangwe. Lakini Mourine hakula, hakulala. Mtoto akilia, aligeukia ukuta. Majirani wakasema anaringa. Mukonyo alipofika, hakuuliza mengi. Alimfunga mjukuu mgongoni, akamshika Mourine mkono, wakaenda kliniki.

Daktari alisema ni ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya akina mama baada ya kujifungua. Akampa vidonge na siku za kuonana na mshauri.

"Na ale nini?" Mukonyo aliuliza.

Daktari akataja chakula bora, hata mala. Akaeleza kwamba tumbo na ubongo huwasiliana. Wataalamu wanachunguza kama bakteria wazuri, kama wale wa maziwa yaliyochachishwa, wanaweza kugusa hisia za mtu. "Lakini bado wanachunguza," alisema. "Dawa usiache."

Mourine alisikia nusu. Mala aliyoletewa na Mukonyo ilimtuliza tumbo, usingizi ukarudi kidogo, naye akaacha vidonge kimyakimya. Haukupita muda mrefu, huzuni ikamrudia, nzito kuliko ya kwanza. Asubuhi moja Mukonyo alimkuta sakafuni. Mtoto alikuwa amelia hadi sauti ikakauka.

"Mum, nilidhani maziwa yako yanatosha."

Mukonyo aliketi palepale sakafuni, akampakata mtoto. "Mwanangu, maziwa ni yangu. Dawa ni ya daktari. Usinigombanishe na daktari."

Alisema kwa upole, lakini moyo ulikuwa unamchoma. Aliona ni kama yeye ndiye aliyempotosha. Dada yake, Wayua, anakumbuka alivyolia jikoni siku hiyo. "Aliniambia, kumbe hata kitu umeleta kwa mapenzi kinaweza kuumiza mtu."

Walirudi kliniki. Tangu hapo Mukonyo alikuja Mugutha kila wiki na kibuyu chake. Alimimina kikombe, akaweka kidonge kando, akangoja vyote viishe. Kisha walipiga soga. Polepole, wasikilizaji, polepole sana, Mourine alirudi. Siku Muoki alipomsikia akimwimbia mtoto, alisimama nje ya mlango, akaogopa kuingia asije akamkatiza.

Mwezi uliopita Mukonyo alianguka zizini. Kiharusi. Mourine alimpelekea mala hospitalini, akamlisha kwa kijiko. Haikupita kooni. Akampangusa kidevu, akajaribu tena. Mukonyo alimtazama tu. Ulimi ulikuwa umeshakufa ganzi. Alifariki jioni hiyo.

"Watu wananiuliza, ni mala ama ni dawa ilikuponya?" Mourine anasema. "Mimi sijui. Nilikunywa zote. Lakini kuna mtu alikuwa anakuja. Saa hii nikisikia geti, nasimama. Halafu nakumbuka."

Muoki, Mourine, Wayua na jamaa wote wa Ndambuki, poleni sana. Mungu awafariji. Nawe msikilizaji mpendwa, labda hapo plotini kwenu kuna mama mwenye mtoto mchanga, na siku hizi haonekani nje. Bisha hodi. Akikawia kufungua, ngoja.