Mzee Mashimba Mahona na Chumba Kimoja cha Kiloleli

Kuanzia Bariadi mpaka ziwani hakuna fundi umeme anayenifikia mimi, Mayige Shija. Nikiingia kwenye nyumba ya mtu, taa zinawaka zenyewe kwa woga na nyaya mbovu zinajificha ukutani. Shule niliiacha kidato cha pili kwa sababu walimu walikuwa wananichelewesha. Ndiyo maana katibu wetu Benedikta, alipotafuta mtu wa kumwandikia mzee wetu wasifu wa kuagwa, hakuhangaika. Alinipa karatasi akasema, "Andika wewe mwenye mdomo, ila adabu iwepo."

Adabu hii hapa. Fundi Mkuu wetu, Mzee Mashimba Mahona, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia karakana yetu ya Taa Salama kwa miaka thelathini na mmoja. Anaondoka miaka miwili kabla ya muda wake. Sababu mnaijua, maana inasemwa kwa mama ntilie, inasemwa stendi, na Jumapili iliyopita nimeisikia nje ya kanisa: kuna nyumba Kiloleli aliikagua, akasema ni salama, na chumba kikaungua. Watu wanasema macho ya mzee yamechoka. Nitafika huko. Kwanza mazuri yake, na ni mengi.

Alizaliwa Zagayu, nyumba ya pamba na ng'ombe. Mwenyewe anasimulia kwamba baba yake alimtuma Maswa na mzigo wa pamba, akasahau kurudi. Walipomfuata walimkuta kasimama nje ya kiwanda cha kuchambua pamba, mdomo wazi, anasikiliza mota. Baba yake akarudi na punda, yeye akabaki. Ng'ombe wa Zagayu walipata hasara, sisi tukapata fundi.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni nyumba za zamani za kando ya ziwa, huko Busega. Zilijengwa enzi pamba inalipa: kuta nene, dari za mbao, na nyaya za raba ambazo leo ukizigusa zinameguka kama ganda la karanga. Unyevu wa ziwa unaingia kwenye soketi, kutu inakula skrubu, na mwenye nyumba anakwambia mbona zinawaka tu. Mzee Mashimba habishani naye. Anakaa, anapokea chai, anauliza kwa upole, "Mayu, friji lako linauma ukiligusa?" Mama anacheka, "Linauma kidogo tu, wakati wa masika." Hapo hapo mzee anainuka kwenda kuzima mainswichi. Chai inabaki inapoa.

Kasoro anazo, na mimi si mtu wa kuzificha. Anaimba juu ya ngazi, na sauti yake ingekuwa waya ningeikata. Viatu vyake anavipaka rangi hata siku ya kupanda darini. Siku moja Lamadi mbao za dari zilimkatikia, miguu yote miwili ikatokea sebuleni wakati wageni wanakula. Wenyeji wakaganda na matonge mkononi. Kutoka juu ikasikika salamu, "Mwangaluka!" Wakaitikia, wangefanyaje? Bibi wa nyumba hiyo mpaka leo anavisifia vile viatu.

Kuajiri mafundi nako alikuwa na mtindo wake. Precious, dada yetu wa karakana, alipokuja kuomba kazi, alikuta birika la ofisi linachemka kwenye ekstensheni iliyofungwa kwa tepu. Kabla hata ya kusalimia akaichomoa. "Huyu kesho aje na viatu vya kazi," mzee akasema, na siku hiyo hatukunywa chai. Mimi nilimwambia nimefanya wayaringi ya Maswa nzima. Alicheka mpaka akashika mlango. "Maswa nzima, ng'wanawane, mwanangu? Na kituo cha polisi?" Nikamwambia na kituo. Akaniajiri ili, kama alivyosema, karakana iwe na redio.

Mambo mawili aliyafanya kila nyumba, na tusiyaache yaondoke naye. La kwanza, kazi ikiisha anapita chumba kwa chumba mwenyewe, anawasha kila swichi, anaweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Halafu anamwambia mwenye nyumba, "Lala kwa amani." Neno hilo ndilo lililotuletea wateja kuliko tangazo lolote.

La pili ni la kwetu Wasukuma. Mwanaume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe wake, hata awe na bisibisi mkononi. Kwa hiyo fundi akipangiwa nyumba ya wakwe zake, mzee humtuma mwenzake aje kumalizia chumba hicho. Hakuna maneno wala maelezo. Mkwe anabaki na heshima yake, chumba kinapata nyaya mpya.

Sasa Kiloleli. Nyumba ile ni ya Mama Milembe, mama mzazi wa mke wangu. Mzee alinipangia mimi nyumba nzima, na Precious aje siku ya mwisho kwa ajili ya chumba cha mama. Tulipomaliza alikuja kukagua. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumapili, Mama Milembe alichomeka pasi chumbani kwake anyooshe kitenge cha kanisani, na moshi ukatoka ukutani. Majirani walizima moto kwa mchanga. Kitanda, nguo na nusu ya paa viliteketea. Mama aliungua mkono wa kulia, na mpaka leo bado unafungwa bandeji.

Mzee Mashimba alikwenda Kiloleli siku hiyo hiyo, mimi nikiwa naye. Alisimama mbele ya ukoo mzima, kofia mkononi, akasema, "Mimi ndiye niliyekuachia neno ulale kwa amani. Kosa ni langu, asitafutwe mwingine." Meneja naye akaambiwa hivyo hivyo, na baada ya hapo mzee akaomba kuondoka.

Tulipokuwa tunarudi Bariadi aliniuliza mara moja tu, garini, macho yake yakiwa barabarani. "Mayige, nyaya za chumbani ulibadilisha?"

"Nilibadilisha, Baba."

"Haya," akasema. Hakuimba mpaka tunafika.

Wenzangu walipoanza kusema mzee haoni tena, mimi nilikuwepo. Mmoja alimwigiza anavyopapasa ukuta. Nilicheka nao. Nilicheka kuliko wote, maana mnanijua.

Mzee Mashimba, karakana inakushukuru. Kila nyumba ya Busega ambako mama anafungua friji bila kuvaa kandambili kwanza, hapo mkono wako umepita. Nenda Zagayu ukapumzike, ng'ombe wakupokee japo uliwakimbia, wajukuu wakupige kelele, na uimbe unavyotaka kwa sababu huko uwanja ni mpana. Siku zako zilizobaki ziwe nyingi na ziwe tamu.

Benedikta alitaka niishie hapo. Benedikta dada yangu, yanayofuata usiyakate, nakuomba.

Siku ya mwisho kule Kiloleli mashemeji zangu walikuwa wamekaa uani wananiangalia. Niliwaambia Precious anakuja kumalizia. Mmoja akasema, "Kumbe fundi wetu anamaliziwa kazi na msichana?" Wakacheka. Mwaka mzima nilikuwa nimemtania Precious kwamba wanawake ngazi inawatetemesha, na kijiji kizima nilikuwa nimekitangazia kwamba mimi peke yangu nawasha nyumba ya mkwe. Nikatoka nje nikampigia simu.

"Usijisumbue kuja," nikamwambia. "Mama mkwe kaniruhusu, nimeshaingia, nimemaliza."

"Mkwe akuruhusu chumbani kwake? Wewe Mayige!"

"Mambo yamebadilika, dada."

Aliniamini. Mnamlaumu Precious kwamba hakufika. Hakufika kwa sababu hiyo. Nilipanda darini kwa upande wa sebule, nikanyoosha mkono juu ya mlango wa chumba, nikaunga waya wangu mpya na ule wa raba wa zamani, nikafunga tepu. Taa ya chumbani ikawaka. Mashemeji wakapiga makofi. Kiungo cha namna ile, tena kwenye raba iliyokauka, kinapata moto taratibu na brekari haishtuki. Nilijua. Mzee alitufundisha hilo wiki ya kwanza.

Siku ya ukaguzi Mama Milembe alikuwa msibani na funguo za chumba alikuwa nazo. Mzee akapita kila ukuta kwa kiganja chake, akafika kwenye ule mlango, akautikisa, umefungwa. Alitaka tumsubiri mama arudi. Mimi ndiye niliyesema giza litatukuta njiani, naye akamwachia mama neno lake la amani kwa mashemeji.

Meneja akisoma hapa, la kunifanya mimi analijua. Mke wangu naye atasoma, na mama yake atasomewa. Tangu nianze ukurasa huu nimeufuta na kuuandika upya, kila mara nikitia utani zaidi hapo juu ili nisifike hapa chini.

Baba, wewe hukukosea kuona. Mbele ya mlango ule uliofungwa uliniuliza, "Na humu?" nikakujibu, "Nyaya mpya tupu." Chumba kile sikuwahi kukiingia.