Nzuri ya Kwanza

PAMELA: Haloo? Nani mwenzangu?

HAWE: Ni mimi, nyanya yako, Hawe wa Kakuyuni. Simu ya Kazungu wa boda hii.

PAMELA: Shikamoo, Hawe! Habari za nyumbani?

HAWE: Marahaba, mjukuu wangu. Nzuri. Sasa—

PAMELA: Afadhali. Niko mkutanoni hapa Kilifi, Hawe, fanya haraka.

HAWE: [Anakohoa.] Redioni wamesema zahanati yetu, katika watu mia, tisini na wawili wameridhika. Eti kwa hivyo nesi wa pili hatuletewi. Nani kawaambia?

PAMELA: Ninyi wenyewe. Ni tathmini ya ofisi yetu, tulipita nyumba kwa nyumba. Hata wewe uliulizwa.

HAWE: Na yule Maina mliyemtuma? Alikaa kwenye kile kigoda chenye ufa, nikampa muhogo na chai ya tangawizi. Akauliza, “Huduma ya zahanati ikoje?” Nikasema, “Nzuri, mwanangu.” Sijavuta pumzi nimweleze, ashabonyeza simu yake, yuko swali la pili!

PAMELA: Fomu ilikuwa na—

HAWE: Wewe umelelewa hapa. Lini uliona mgeni akapokewa kwa malalamiko? Nzuri ya kwanza ni ya heshima. Habari zenyewe huja baadaye.

PAMELA: Fomu niliitunga mimi, Hawe.

HAWE: Haya. Basi itengue.

PAMELA: Ripoti imeshatiwa sahihi. Zamani manesi waligawanywa kwa kujuana. Ndiyo kwanza wakubwa wamekubali tuulize watu. Nikisema tumekosea, watatuvunja—

HAWE: Mliuliza. Hamkungoja jibu.

PAMELA: Sauti inakatika... Hawe, dada Priscilla je? Si mwezi wake wa kujifungua huu?

HAWE: Jumapili jioni. Tulifika zahanati, kufuli. Nesi ni huyo mmoja, saa kumi huenda zake. Kazungu akampakia kwenye boda mpaka Malindi.

PAMELA: Wakawahi?

HAWE: Priscilla yuko ndani hapa, kaelekea ukutani, hasemi. Vile visoksi vya manjano ulivyomletea mtoto nimevikunja, nimevirudisha sandukuni.

PAMELA: Hawe! Mbona hukuniambia tangu mwanzo? Si nimekuuliza habari za nyumbani?

HAWE: Umeuliza. Nikakwambia nzuri.

PAMELA: Hawe...

HAWE: Salio la Kazungu linakwisha, mama. Rudi mkutanoni.

PAMELA: Usikate, Hawe, nangoja— Haloo? [Mlio.] Hawe? Nangoja.