Sufuria ya Badi Msumari

Kwa Khamis muuza kahawa, Mtongwe, watu huketi barazani baada ya sala ya alasiri wakabishana mpaka dele la kahawa likauke. Na mwaka ule wa siasa, huyu akitaka Mwambao ujitenge, yule akifuata bendera ya jogoo, ya chama cha nchi moja, hata ndugu walikuwa hawaamkiani. Badi, mtu wa Mwambao, walimwita Msumari, kwani neno akishalipigilia halitoki. Papo hapo barazani aliapa mbele ya watu kwamba wallahi hatatia mguu nyumbani kwa Salme, mjane wa nduguye, maadamu bendera ya jogoo ingali mlangoni. Lo, ulimi huo! Sasa Johari, binti wa marehemu, anaozwa Ijumaa. Walii wake wa ndoa ni Badi, na ndiye wa kuingia chumbani, humo humo kwa Salme, kumwomba idhini ya kuozwa. Johari naye keshatuma salamu: asipokuja ami mwenyewe, hamjibu mtu.

— Si Salme aiondoe hiyo bendera siku moja tu? aliuliza Kaviha, msukuma mkokoteni.

— Salme? alisema Badi. Amesema ataondoka yeye kwanza.

— Basi panda mkokoteni wangu nikusukume mpaka ndani. Uliapa mguu, hukuapa gurudumu.

Watu wakacheka. Badi hakucheka. Mwinyihaji, aliyeitwa Fatwa kwa kuwa hakuna swali asilolijibu, akatikisa kichwa.

— Mkokoteni haupiti mlangoni, yakhe. Tumbebe juu ya kitanda.

— Kitanda! Mimi maiti?

— Ama akae dirishani, kichwa ndani, miguu nje. Idhini haiombwi kwa miguu.

— Ama tuibomoe nyumba tuijenge upya, alidakia Kaviha. Itakuwa si ile aliyoiapia.

— Mwanicheza shere! Badi alifoka. Mwinyihaji, hebu acha upuzi. Dini yasemaje?

Mwinyihaji akaweka kikombe chini.

— Ukiapa, kisha ukaona jingine lina kheri zaidi, lifanye hilo la kheri, utoe kafara ya yamini, hicho kiapo chako. Walishe masikini kumi, au wavishe.

— Nitafunga siku tatu.

— Kufunga ni kwa asiyeweza kulisha. Wewe una shamba zima la minazi.

— Nitafunga, nasema!

Roho ilikuwa ikimchoma Badi. Kufunga angefunga kimya kimya, nani angejua? Lakini wali wa watu kumi una moshi, una harufu, una watoto wa kuuliza kuna nini. Mtongwe nzima ingejua Msumari kang'oka. Na Johari huyo ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika babake, akawa hataki kuuachia.

— Sivunji! alisema. Mimi si mtoto wa kuchezewa na bendera.

— Mkitaka masikini, mimi hapa, alisema Kaviha. Nimevaa suruali hii tangu Krismasi.

Harufu ya liwa, ile ya kusingwa maharusi, ikatangulia. Kisha buibui likasimama mbele ya baraza. Bibi harusi aliyefungiwa ndani, nje, mchana kweupe!

— Shikamoo, ami.

— Johari! Umetoka? Watu watasemaje?

— Waseme. Nina swali moja tu. Ile wallahi yako, uliapa kwa nani?

— Kwa Mwenyezi Mungu.

— Ndiye aliyekwambia usije kwangu?

Badi alimtazama Fatwa, na Fatwa akatazama ndani ya kikombe chake. Khamis akainamisha dele ammiminie Badi walau kidogo, lakini kahawa ilikuwa imekwisha. Johari hakungoja. Alijifunika vizuri akarudi alikotoka, pole pole, bila kugeuka.

Badi alimfuata kwa macho mpaka akakata kona. Macho yalimlowa, wala hakuyapangusa.

— Kaviha, lete mkokoteni.

— Tukusukume?

— Wa kubebea mchele, mjinga wewe! Na kuni, na ile sufuria kubwa ya msikitini. Mafiga tunayaweka hapa hapa mbele ya baraza, kila apitaye aone. Akiuliza, mwambieni Badi anavunja kiapo, na ana hamu ya kukivunja.

— Na sisi tutakula?

— Nyinyi si masikini, nyinyi ni wavivu. Mtapakua.

— Na bendera?

Badi alikuwa amekwisha kukunja mikono ya kanzu.

— Nitapita chini yake. Lakini jogoo simwamkii.